Jina la Pili

Nilikuwa nimeshavua kiatu kimoja, nimeshika ukuta ili nivue cha pili, pale mwanamume mmoja alipotokea kutoka sebuleni akifuta mikono kwa taulo la jikoni. Nikainua uso nimsalimie kwa adabu zangu zote, maana hii ilikuwa siku yangu ya kwanza nyumbani kwa mama yake Anselm. Adabu zikaniishia kooni.

"Huyu ni Garth, mume wa dada yangu Lorraine," Anselm akasema, kiganja chake kikiwa mgongoni kwangu, chenye joto, hakina habari. "Akianza kukuelezea mambo ya magari, mkimbie. Garth, huyu ndiye Gwen wangu."

"Gwen," yule mwanamume akarudia polepole.

Mimi nilikuwa namjua kwa jina la Pete. Kila Jumanne mchana, kwa miaka miwili, Pete alikuwa anakaa kiti cha pembeni katika klabu moja mjini Windsor ninakonengua, anaagiza bia moja asiyoimaliza, kisha ananiita nikae naye. Hakuwa mtu wa fujo. Alikuwa mtu wa kuongea. Mkewe hakumtaja jina, alisema "mke wangu" tu, na mji wake hakuutaja hata siku moja. Kumbe wateja nao huja na majina ya bandia, na mimi mjanja wa mjini sikuwahi kulifikiria hilo.

Sisi wanenguaji tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua. Ukikutana na mteja nje, humjui. Hata kama jana alikulilia begani, leo dukani unampita kama unavyopita rafu ya sabuni. Yeye naye anakupita. Mteja anayekuita jina la jukwaani mbele ya watu amekuvua nguo mahali ambapo hukukubali kuvua.

Kwa hiyo nikampa mkono. "Nimefurahi kukufahamu, shemeji."

Nilikuwa nimemfungulia mlango. Alichotakiwa kufanya ni kupita tu.

"Na mimi pia," akasema. Lakini mkono wangu hakuuachia mpaka nilipouvuta.

Anselm hakuona kitu. Alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyeleta cheti kizuri nyumbani. Miezi minane tulikuwa pamoja, na kwa miezi minane yote aliamini kwamba ninafanya kazi ya mapokezi usiku katika hoteli. Nilikuwa nimepanga kumwambia ukweli. Nilipanga kabla ya Krismasi, nikapanga tena baada ya Pasaka. Kila nilipofungua mdomo niliyaona macho yake, yale macho ya mtu aliyeshinda kazini kwenye joto la vitalu vya vioo vya nyanya na bado ana nguvu za kukuuliza umekula nini, na ulimi ukawa mzito. Nilimpenda. Niliogopa kumpoteza. Hayo mawili yakaungana yakanifanya mwongo.

Jikoni, Bi Yvette, mama yake, alikuwa anachovya samaki kwenye unga. Mwanamke mfupi, msalaba mdogo wa dhahabu shingoni, macho yasiyopepesa.

"Anselm anasema uko hotelini."

"Ndiyo, mama."

"Hoteli gani?"

"Ile ya karibu na mto."

"Karibu na mto ziko nne, binti."

"Ile ya zamani," nikasema, nikachukua kisu nikaanza kukata malimau bila kuombwa.

Akaniacha nikate mawili. "Mimi sikatai mtu kwa kazi yake," akasema. "Baba yake Anselm alichimba makaburi, na tulikula vizuri tu. Ninachokataa ni mtu ninayemsikia bila kumwona. Yule wa kwanza alimwacha mwanangu na funguo za nyumba mkononi, hata kwaheri hakumwandikia. Alikaa miezi mitatu hali chakula. Sitaki wa pili. Unanielewa?"

"Nakuelewa, mama."

"Haya. Malimau yanatosha, usinimalizie."

Ndipo Lorraine akaingia na bakuli la kachumbari ya kabichi. Alikuwa mwembamba, amevaa sweta kubwa kuliko mwili wake. Sikuwa nimewahi kumwona, lakini nilikuwa namjua. Nilijua kwamba mimba mbili zimemtoka. Nilijua kuna sanduku chini ya kitanda chake lenye nguo za mtoto ambaye hakuja, na kwamba hapendi kuguswa anapolia. Pete alikuwa amenieleza yote hayo, Jumanne hadi Jumanne, na mimi nikawa natikisa kichwa chini ya taa nyekundu.

Akaweka bakuli mezani, akanikumbatia. "Wifi, hatimaye. Huyu kaka yangu alikuwa anakuficha kama peremende."

Nikamkumbatia na mimi. Niliona aibu kama mtu aliyekutwa chumbani kwa mwenzake akipekua kabati.

"Gwen," Bi Yvette akaita, "shuka chumba cha chini uniletee chupa ya matango ya siki. Rafu ya kushoto, nyuma ya mashine ya kufulia."

Nikashuka. Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya sabuni. Nilikuwa nimeshaishika chupa niliposikia ngazi zikilia nyuma yangu, na sikuhitaji kugeuka kujua ni nani.

"Colleen," akasema.

Niseme hapa, maana bila hili hutaelewa kwa nini jina hilo lilinitisha. Kila mnenguaji mwenye akili ana majina mawili ya kazi. La kwanza ni la jukwaani, na langu ni Saffron. La pili ni la wale wanaokuja na macho ya huruma na kukuuliza, "Lakini jina lako la kweli ni nani?" Mtu huyo ukimnyima atanuna, au ataanza kulitafuta mwenyewe, na hilo ni baya zaidi. Basi unajifanya unasita. Unatazama huku na huku. Unamnong'oneza: Colleen. Anaondoka ameridhika, anadhani amebeba moyo wako, kumbe amebeba ganda la ndizi. Gwen, jina nililopewa na mama, halijawahi kuvuka mlango wa klabu.

"Usiniite hivyo hapa, shemeji," nikasema.

"Na wewe usiniite shemeji." Alikuwa amesimama kati yangu na ngazi. "Nimekaa pale juu nacheka peke yangu. Unajua kwa nini? Gwen! Umempa jina la uongo. Miezi minane anakuita Gwen, maskini, na mimi uliniambia la kweli siku ya tatu tu."

Nilimtazama usoni nikaona kwamba hatanii. Aliamini. Mtu huyu alikuwa ameyapanga yote kichwani mwake, na katika mpango wake yeye ndiye niliyempenda, na Anselm ndiye niliyekuwa ninamchezea. Nikafungua mdomo nimsahihishe, nikaufunga. Klabuni kuna mlinzi mlangoni, nanyanyua kidole tu anakuja. Hapa nilikuwa na soksi miguuni, chupa ya matango mkononi, na mashine ya kufulia inayonguruma kiasi kwamba hata nikilia hawatasikia upesi.

"Pete," nikasema kwa sauti ile ya kazini, laini, "tupande juu. Chakula kinapoa."

"Ndiyo. Tutapanda. Utakula kidogo, halafu utasema kichwa kinauma. Njiani utamwambia Anselm yameisha. Jumatano nitakuja kukuchukua. Siyo pale klabuni. Tukae mahali kama watu, tule, tuongee bila muziki."

"Hatukutani nje. Unajua hilo."

"Hiyo ilikuwa sheria ya kule." Akanishika kifundo cha mkono. Hakukibana sana. Ungedhani daktari anapima mapigo, na nadhani aliyasikia yangu. "Mungu mwenyewe amekuleta nyumbani kwetu. Unadhani ni bahati?"

"Na nisipokubali?"

"Basi nitamwambia mama mkwe kwamba hoteli yako ina jukwaa."

Alilisema kwa upole, karibu kwa huzuni. Ule upole ndio ulionitisha. Mlevi anayepiga kelele namjua dawa yake. Mtu aliyetulia, aliyekaa miaka miwili akikujengea nyumba kichwani mwake na sasa anataka uhamie, dawa yake sikuwa nayo.

"Niachie mkono, shemeji."

"Colleen..."

"Mama anasubiri matango."

Sijui ni neno mama au ni hatua zilizosikika juu yetu, lakini vidole vyake vililegea. Nikapita ubavuni mwake, nikapanda ngazi mbili mbili. Nilikuwa nimefika nusu pale alipojisahau. Miaka miwili alikuwa ananong'ona jina hilo, na sasa likamtoka kwa sauti kamili, sauti ya mume anayemwita mtu nyumbani kwake.

"Colleen, ngoja!"

Lorraine alikuwa amesimama juu ya ngazi, sahani tano mikononi.

Hakuziangusha. Aliziweka chini sakafuni taratibu, moja juu ya nyingine, kama vile kuna mtoto amelala karibu. "Umemwita nani?" akauliza.

"Nimeteleza ulimi," Garth akajibu nyuma yangu. "Kuna mtu kazini..."

"Unalitaja usingizini, Garth. Mwaka mzima. Nimemtafuta Colleen kwenye simu yako, nimemtafuta kazini kwako, nimewauliza hata rafiki zako, wakaniona nina wazimu." Kisha akanitazama mimi, yule yule aliyenikumbatia robo saa iliyopita. "Ni wewe?"

Anselm akatokea mlangoni na kikombe cha kahawa. Bi Yvette nyuma yake, mikono imejaa unga. Nilikuwa katikati ya ngazi, nimekumbatia chupa, na hakuna aliyenisogezea nafasi ya kupita.

"Kuna nini?" Anselm akauliza.

"Hakuna kitu," Garth akasema haraka. "Lorraine amesikia vibaya. Mimi huyu dada simjui. Sijawahi kumwona kabla ya leo. Si kweli, Gwen?"

Nikamgeukia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na macho yake yalinibembeleza. Sasa alikuwa ananirudishia ile sheria yangu mwenyewe, ile aliyoikanyaga dakika moja iliyopita. Mimi simjui, yeye hanijui. Nikisema neno moja tu, ndiyo, tungekaa mezani tukala samaki. Anselm angebaki wangu. Siri ingebaki ya watu wawili, na mimi ni hodari wa kutunza siri, ndiyo kazi inayonilisha.

"Si kweli, Gwen?" akarudia.

"Basi ni mimi," Lorraine akasema kwa sauti ndogo. Akaanza kuziokota sahani zake. "Ni mimi nina kichaa. Daktari naye alisema ni usingizi wangu tu."

Sahani zilikuwa zinagongana mikononi mwake. Nikajua kwamba nikinyamaza, nitakuwa nimemsaidia mwanamume huyu kumfanya mkewe mwendawazimu. Niliogopa mpaka masikio yakaziba. Nilimtazama Anselm mara ya mwisho akiwa bado hajui.

"Huna kichaa, wifi," nikasema. "Colleen ni mimi. Yaani ni jina ninalowapa wateja. Sifanyi kazi hotelini. Nanengua klabuni, Windsor, mwaka wa sita huu. Mume wako ni mteja wangu. Anakaa, anaongea, anaondoka. Hajawahi kuwa zaidi ya hapo."

Mafuta yalikuwa yanachemka jikoni. Bi Yvette akarudi ndani, tukasikia akizima jiko, akarudi tena.

"Mmewahi kukutana nje?" Lorraine akauliza.

"Hapana. Leo ndiyo mara ya kwanza namwona juani."

"Anaongea nini?"

"Hayo muulize yeye. Mimi niliyasikia, sitayasambaza. Lakini chini huko amenishika mkono, amesema nimwache Anselm la sivyo atanisema. Hilo nakuambia kwa sababu limetokea nyumbani kwenu."

"Anadanganya!" Garth akafoka. "Mama, utamwamini mwanamke wa..."

"Garth," Bi Yvette akamkata. "Vaa viatu."

"Mama, nisikilize..."

"Nimesema vaa viatu vyako. Lorraine anabaki hapa. Wewe utaenda zako, na ukitaka kurudi utaomba ruhusa kwake, siyo kwangu."

Alipita mbele yangu bila kunitazama. Sasa ndiyo alijua kunipita. Mlango ulipofungwa, Lorraine akakaa sakafuni pale pale kando ya sahani zake na kulia, na mimi nikasimama mbali kidogo, sikumgusa. Mama yake ndiye aliyemkimbilia, akataka kumkumbatia, Lorraine akamsukuma. Kisha akainua uso akanitazama nilipokuwa nimesimama, na sijui alichokiona, lakini hakuniambia niondoke.

"Na wewe," Bi Yvette akanigeukia. "Umenidanganya jikoni kwangu, ukinikatia malimau yangu."

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Sijui kama nitakusamehe. Leo sijui." Akamtazama mwanawe, ambaye kikombe chake kilikuwa kimeinama na kahawa inamwagika taratibu kwenye zulia bila yeye kujua. "Anselm, mpeleke kwake. Msigombane mkiwa barabarani. Ukiamua lolote, njoo uniambie mwenyewe, nisilisikie kwa watu."

Tulitoka Kingsville, kwa mama yake, kurudi mjini. Vitalu vya nyanya vilipita, kimoja baada ya kingine, vioo vyao viking'aa kwenye jua la saa tisa. Nilikuwa nimekaa na mikono kati ya magoti. Nilijiandaa kwa matusi. Nilikuwa na majibu ya kila tusi, nimeyazoea. Nilijiandaa hata kushushwa barabarani.

Tulipokaribia mji akasema, "Na Gwen je?"

"Gwen amefanyaje?"

"Kuna la jukwaani. Kuna Colleen. Garth aliamini Colleen ndilo la kweli, siyo? Nimeona usoni mwake. Aliamini kabisa." Sauti yake ilikatika, akakohoa. "Mimi ulinipa la ngapi?"

Nilihisi hofu kubwa kuliko ile ya chini ya ngazi.

"La kwanza," nikasema. "Nililopewa na mama yangu. Siku ile tulipokutana pale kwa fundi wa matairi, uliponiuliza, lilinitoka kabla sijafikiri. Nilirudi nyumbani nikajilaumu usiku kucha."

"Nitajuaje?"

"Hujui. Kila nitakachokwambia, mwanamke mwongo angekisema pia. Sina la kukuonyesha, Anselm."

Alikuwa analia bila sauti, akiendesha kwa uangalifu, akiwasha taa ya kukata kona kila mahali hata pasipo na gari. Nilitaka kumfuta machozi. Sikujua kama bado ninaruhusiwa.

Tukafika kwenye duka la dawa. Akapunguza mwendo, mkono ukaenda kwenye gia. "Nikushushe pale pale?"

Pale pale palikuwa mbele ya duka hilo. Kwa miezi minane alikuwa ananishusha hapo. Mimi nasimama, nampungia, nasubiri mpaka taa za gari lake zipotee, ndipo natembea mitaa mitatu kwenda ninakolala. Hakuna mwanamume aliyejua ninakolala. Yeye alidhani naona aibu ya nyumba yangu, kwa hiyo hakuwahi kuuliza.

Nikaweka mkono kwenye kitasa cha mlango. Nikaona jinsi itakavyokuwa: nitashuka, atapiga simu wiki ijayo au hatapiga, na mimi nitabaki salama ndani ya kuta zangu. Salama kabisa, na peke yangu.

Nikauondoa mkono. "Nenda mbele," nikasema.

"Mbele wapi?"

"Mbele tu. Kwenye taa, kata kushoto."

Akakata kushoto.

"Pita kanisa. Sasa kulia." Meno yalikuwa yananigongana, nikashika taya kwa mkono. "Pole pole. Ile yenye mlango wa kijani. Simama."

Akasimama. Akautazama mlango, akautazama mtaa, akaona simiti iliyopasuka kwenye ngazi na chungu cha maua yaliyokufa.

"Nani mwingine anapajua hapa?"

"Hakuna."

Akazima injini. Akashuka, akazunguka, akanifungulia. Tulitembea mpaka kwenye ngazi ya kwanza, akasimama hapo. Hakuikanyaga.

"Bado nina hasira," akasema. "Sijui nitakuwa nayo mpaka lini."

"Najua."

"Niende, au nisubiri mpaka uingie?"

Ufunguo ulinigoma mara mbili kabla haujaingia. Nikafungua. Nikaingia ndani, nikageuka, nikasogea pembeni ili apate nafasi ya kupita.